Kivuli na Hewa Katika Mashua Zetu

Rungwa haina bahari. Mtu akitoka kijijini hapo, kusini-magharibi mwa Mkoa wa Singida, hana budi kwanza kuikata miombo mpaka Itigi, kisha aifuate reli ya kati mpaka Dar es Salaam, ndipo auone mlingoti wa chombo. Hata Mto Rungwa wenyewe hauelekei Bahari ya Hindi. Maji yake huishia katika Ziwa Rukwa, ziwa lisilo na mlango wa kutokea. Kwa hiyo ndugu zetu wa Mafia, wa Pemba na wa Tumbatu wana haki ya kuuliza: mtu wa miombo ana neno gani juu ya vijumba vya mashua?

Analo. Mninga, mti unaopendwa na maseremala kwa milango, vitanda na makabati, ni mti wa miombo, na mapori ya Singida, Tabora na Mbeya ndiyo kwao. Nta ya nyuki, ambayo zamani ilikwenda ng'ambo kwa majahazi pamoja na pembe na ngozi, hutoka katika mizinga ya huku huku. Lakini kubwa kuliko bidhaa hizo ni watu. Mwalimu, mganga, bwana shamba au askari aliyezaliwa Manyoni hupata barua ya uhamisho, akajikuta anapangiwa kisiwa ambacho jina lake alilisikia darasani tu. Safari yake ya mwisho kufika kituoni ni ya maji, na pengine ni ya mashua. Hajui kuogelea, hajui tofauti ya omo na tezi, na amefuatana na mkewe na mtoto mchanga. Anaelekezwa aingie ndani, chini ya sitaha ya nyuma, maana huko ndiko "kwenye nafasi nzuri". Baada ya nusu saa amejuta kuzaliwa.

Yafaa ielezwe mapema kwamba hatuzungumzii boti za kasi zinazokwenda kati ya Dar es Salaam na Unguja, wala meli. Tunazungumzia mashua ya mbao, yenye mlingoti mmoja na tanga moja, yenye mashine ndogo au isiyo nayo, ambayo ndiyo daladala ya visiwa vidogo: Jibondo na Chole huko Mafia, Songo Songo na Songo Mnara huko Kilwa, Kojani huko Pemba, hali kadhalika visiwa vya Ukerewe katika Ziwa Victoria. Wala makala haya hayamtetei nahodha anayepakia watu katika chombo kilichosajiliwa kwa mizigo. Chombo cha mizigo kibaki na mizigo yake. Hata hivyo chombo hicho nacho kina mabaharia, na mabaharia nao ni watu: hulala, hula, hupigwa na mvua. Mshika usukani aliyekesha juu ya gunia lenye maji hawezi kutazamiwa kuwa macho alfajiri, wakati chombo kinapokaribia mwamba.

Tuingie basi katika kijumba chenyewe. Katika mashua nyingi ni uwazi ulio chini ya sitaha ya tezi, wenye kimo cha mtu aliyeketi, au wakati mwingine chini kidogo ya hapo. Katika nyingine mwenye chombo ameongeza kuta za mbao na paa, likawa sanduku lililopandishwa juu ya ubavu wa chombo. Sakafu ni mbao chache zilizolazwa juu ya mataruma, na chini yake ni ngama, yaani tumbo la chombo yanapokusanyika maji yaliyovuja. Maji hayo yamechanganyika na maganda ya samaki, mafuta ya mashine na vipande vya nazi vilivyooza. Mbao zimepakwa sifa, mafuta ya papa, ambayo ni dawa nzuri ya kuhifadhi mti lakini harufu yake humshinda hata mwenyeji. Moshi wa jiko huingia kwa mlango uleule ambao hewa ilipaswa kuingilia. Hamna dirisha. Hamna pa kushika chombo kikilala ubavu. Akina mama, kwa ajili ya stara, ndio hupewa mahali hapo.

Si jambo jipya. Baharia na mwandishi Alan Villiers, Mwaustralia aliyesafiri katika jahazi la Kuwait liitwalo Bayan kutoka Arabuni mpaka Zanzibar na delta ya Rufiji miaka ya 1938 na 1939, aliandika katika kitabu chake Sons of Sindbad, kilichotoka mwaka 1940, jinsi wanawake na watoto walivyofungiwa katika chumba kikubwa chini ya tezi, wakati wanaume wamejazana sitahani juu ya shehena. Hao waliokuwa sitahani waliunguzwa na jua na kuloweshwa na mawimbi, lakini walau walikuwa na upepo. Tangu siku zile majahazi ya kutoka Ghuba yamekwisha katika bandari zetu, ila desturi ya kuwaweka wanyonge mahali penye hewa haba haijaisha.

Na bado wazee wetu walikuwa na akili katika jambo hili kabla ya Villiers kuzaliwa. Vielelezo vya mtepe, chombo cha pwani yetu kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari na kuendeshwa kwa tanga la mkeka, vinaonyesha paa la makuti lililosimikwa katikati ya chombo. Mmoja wa mfano wake uliundwa na kuwekwa katika jengo la Beit al-Ajaib, Unguja, jengo ambalo sehemu yake iliporomoka mwezi Desemba mwaka 2020. Mtepe ulivuja bila kukoma, na kufua maji ilikuwa kazi ya usiku na mchana; raha kubwa hapakuwa nayo. Lakini lile paa lilikuwa jepesi, lilipitisha hewa pande zote, na lilikaa katikati, mahali ambapo chombo huyumba kidogo kuliko penginepo. Mambo hayo matatu ndiyo karibu yote tunayohitaji leo, na yote matatu tumeyaacha.

Au tuseme tumeyaacha kwa mwenyeji tu. Nenda Forodhani jioni, au Lamu, au Kilwa Masoko, utazame chombo kinapokodishwa na wageni wanaotaka kuona jua likizama. Utaona mito imepangwa, mkeka safi umetandikwa, chandarua kimefungwa kutoka mlingotini mpaka tezini, na pipa la maji ya kunywa lina kifuniko. Kazi hiyo imefanywa na mafundi wetu, kwa vitambaa vya madukani mwetu. Asubuhi yake, chombo kikichukua mama mjamzito anayepelekwa hospitali ya wilaya, vyote hivyo vimekunjwa na kufungiwa stoo. Hapa hatuwezi kusema kwamba ujuzi haupo, wala kwamba mali haipo.

Sasa, kabla mwenye chombo hajashika msumeno, kuna onyo ambalo ni lazima litangulie. Njia ambayo wengi huiendea wakitaka kijumba kizuri ni kukiinua: kuta ziende juu, paa la mbao liwekwe, mtu aweze kusimama. Hapo ndipo raha inapogeuka mauti. Mbao ya mninga mkavu ina uzito wa kilo 600 hivi kwa mita moja ya ujazo. Chukua ubao wa urefu wa mita 2, upana wa sentimita 25 na unene wa sentimita 2 na nusu: uzito wake ni kilo 7 na nusu. Paa na kuta zikila mbao 20 za namna hiyo, ni kilo 150. Ni sawa na kuwapandisha watu wazima wawili juu ya dari na kuwaambia wasishuke maisha yao yote, wala chombo kikienda joshi, wala kikipigwa na dhoruba. Juu ya hapo kuta hizo hushika upepo kama tanga la pili ambalo haliwezi kutuliwa. Kisha abiria, kwa kuwa paa sasa ni imara, hupanda kuketi juu yake.

Taifa hili limekwisha kufundishwa kwa machungu somo la chombo kilichoelemewa. MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996. MV Spice Islander ilizama ikielekea Pemba tarehe 10 Septemba 2011, na MV Skagit ikazama karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012. MV Nyerere ilipinduka ikikaribia Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Hizo zilikuwa meli na vivuko, na kila moja ilikuwa na mambo yake. Mashua haina ukubwa huo. Lakini kanuni ya maji ni moja: uzito ukiwa chini ni rafiki, ukipanda juu ni adui. Mabaharia wa zamani waliijua kwa jina la farumi, yale mawe na mchanga waliyopakia chini ya chombo kitupu ili kisimame wima. Mtu anayejenga ghorofa juu ya mashua ameitia farumi yake hewani.

Kwa hiyo kivuli kiwe cha nguo. Turubai zito la pamba lina uzito wa nusu kilo hivi kwa mita moja ya mraba. Kipande cha mita 4 kwa 3 ni kilo 6, kasoro ya ubao mmoja wa mninga. Likifungwa juu ya mtambaapanya mwepesi wa mianzi, linakunjwa mara moja upepo ukizidi, na nahodha bado anaweza kuliona tanga lake. Likitengenezwa la tabaka mbili, zenye nafasi ya kiganja baina yake, joto la jua hubaki katika tabaka la juu na upepo hulipeperusha kabla halijafika chini. Bati halifai kabisa. Saa sita ya mchana bati hugeuka kikaango, na usiku umande hugandamana chini yake na kudondoka shingoni mwa aliyelala.

Hapa ndipo nta yetu ya Manyoni inapopata kazi. Turubai la pamba lililopakwa nta halipitishi mvua. Nta hukatwa vipande, ikayeyushwa katika sufuria iliyowekwa ndani ya sufuria nyingine yenye maji ya moto. Isiyeyushwe juu ya moto mtupu, maana hushika moto kwa ghafla. Huchanganywa na mafuta kidogo ili isipasuke turubai likikunjwa, ikapakwa kwa brashi wakati wa jua kali. Huyeyuka kati ya nyuzi 62 na 64 za sentigredi, basi jua la kawaida halitaiondoa. Turubai la plastiki ni rahisi kulipata, nalo hatulikatai. Ila huchanika kwenye pembe kwa msimu mmoja, hupiga kelele usiku kucha, na halipumui. La nta nalo lina kasoro yake: hushika moto upesi, kwa hiyo lisipite karibu na jiko.

Suala la hewa ni gumu zaidi, na hapa hata mafundi wenye jina hukosea. Watu hudhani kwamba chombo kikiwa na upepo mwingi, ndani nako kuna hewa. Sivyo. Mashua inapokwenda na upepo wa kusi ukiisukuma kutoka nyuma, upepo na chombo huenda pamoja, na mtu aliye ndani haupati. Tanga limejaa, kijumbani kumekufa. Tundu moja halisaidii. Hewa haiingii mahali ambapo haina njia ya kutokea. Yanahitajika matundu mawili, moja upande wa omo na jingine tezini, yaliyo juu kiasi cha kutofikiwa na wimbi, yenye vifuniko vinavyofungwa kutoka ndani. Chombo kikiwa kimetia nanga, omo huutazama upepo. Hapo mfuko wa nguo ulioshonwa kama mdomo wa samaki, ukatundikwa juu ya tundu la mbele, huumeza upepo na kuushusha chini. Ni kazi ya fundi cherehani ya asubuhi moja. Tundu lenyewe lisikatwe katika ubao unaobeba nguvu ya chombo. Fundi wa kuunda vyombo ndiye ataonyesha mahali pake, wala si seremala wa vitanda.

Jiko lisiingie kijumbani. Tunalisema hili bila kulizungusha. Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na mtu aliyelala haamki kuidai hewa safi, hupitiliza. Mvua ikinyesha, kishawishi cha kulisogeza jiko ndani ni kikubwa, hasa usiku. Majahazi ya zamani yalikuwa na sanduku la mbao lililojazwa mchanga, likawekwa sitahani mbali na tanga, na moto ukakaa humo. Sanduku hilo lirudi, liwekewe ukuta mdogo wa bati upande wa goshini, yaani upande upepo utokako. Kadhalika petroli ya mashine. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Hushuka, hutambaa, na kutulia katika ngama kama maji yasiyoonekana, ukingoja kiberiti cha mvutaji sigara. Dumu la petroli likae nje, kwenye upepo, si chini ya kitanda cha mtoto.

Kuhusu maji ya ngama, kila mtu anajua kwamba yanuka. Wachache wanajua kwamba yanapindua. Maji yaliyo huru chini ya sakafu hukimbilia upande ambao chombo kimelalia, na kuzidi kukilaza. Kwa hiyo sakafu ya kijumba isipigiliwe misumari ikawa moja. Iwe ya vipande vinavyonyanyuliwa kwa mkono, ili baharia afue maji bila kuwahamisha abiria wote, na ili uchafu utolewe kila chombo kinapokaa kavu. Ndani ya kijumba pasipakwe sifa. Iachwe kwa ubao wa nje. Ndani mafuta ya nazi yatatosha, na tumbo la abiria litashukuru. Kichefuchefu huletwa na mwendo, lakini harufu hukimalizia kazi.

Na tukiwa katika kichefuchefu: mgonjwa, mzee na mgeni wa maji wasipelekwe omo wala tezini. Wawekwe karibu na katikati ya chombo, chini, mahali wanapoweza kuuona upeo wa bahari. Jicho likiona kitu kisichoyumba, tumbo hutulia. Jambo hili halina gharama yoyote, linataka nahodha aseme neno moja tu wakati wa kupakia.

Sasa mbao za kukalia na kulalia. Hapa ndipo tunapoweza kuutumia mninga bila hofu, maana hukaa chini, na uzito wake unasaidia. Sifa yake kubwa ni kwamba ukishakauka hausinyai wala kuvimba sana, kwa hiyo ubao hautaachana na mwenziwe wakati wa kaskazi wala kubanana wakati wa masika. Wala wadudu hawaupendi. Benchi la kimo cha sentimita 40 hivi, pande zote mbili, likiwa na nafasi ya kuweka mizigo chini yake, hutosha. Likiwa na urefu wa sentimita 180 na upana wa 60, mtu mzima hulala. Pembe zote ziviringishwe kwa randa: chombo kikiruka, pembe kali huvunja mbavu. Ukingo mdogo wa vidole vinne uwekwe mbele ili aliyelala asianguke, na mhimili wa kushikia upite darini kwa urefu wote wa kijumba. Ni ajabu jinsi mashua nyingi zisivyo na mahali pa kushika. Mtu anaanguka, anamshika jirani, na wote wawili wanaangukia mtoto.

Juu ya ubao, godoro. Sponji ya dukani, ikishalowa maji ya chumvi, haikauki tena. Chumvi iliyomo huvuta unyevu wa hewa, na kila usiku godoro hujiloweka lenyewe. Visiwa vyetu vina vitu viwili vilivyo bora. Cha kwanza ni makumbi ya nazi, ambayo akina mama wa pwani ya mashariki ya Unguja huyafukia miezi mingi ufukweni mpaka nyuzi zitengane. Kitu kilichokwisha kukaa baharini muda huo hakitaiogopa bahari. Nyuzi zake hupitisha maji na hewa, na hukauka zikianikwa. Kingine ni sufi. Msufi umejaa mashambani, na watu huuona kuwa wa mito ya maskini, ilhali sufi ndiyo iliyojazwa katika makoti ya kuokolea maisha duniani kwa miaka mingi kabla ya plastiki, kwa kuwa haiingiwi na maji upesi na huelea. Godoro jembamba la sufi, lililoshonwa katika turubai na kuwekewa vishikio vya kamba pembeni, ni kitanda usiku, na siku ya msiba ni kitu cha kushikilia majini. Tusieleweke vibaya: haliwi badala ya koti la kuokolea. Koti liwepo kwa kila abiria, lifungwe mahali linapoonekana, wala lisifungiwe ndani ya sanduku lenye kufuli.

Limebaki jambo ambalo magazeti hulikwepa kwa aibu, nalo ndilo linalowatesa akina mama kuliko jua na mvua. Mwanamume husimama ukingoni akamaliza haja yake. Mwanamke aliyetulia kijumbani tangu alfajiri hana pa kwenda, hivyo wengi hujinyima maji tangu jana yake, na wengine ni wajawazito au wanaonyonyesha. Majahazi makubwa yalikuwa na sanduku la choo lililoning'inia nje ya tezi. Mashua ndogo haina mahali pa kulitundika, na mtu kuning'inia nje ya chombo kinachoyumba ni hatari. Inatosha pembe moja ya kijumba, pazia zito linaloteleza juu ya kamba, ndoo yenye kifuniko kinachokaza, kishikio imara cha mkono ukutani, na debe la maji. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kupaka rangi jina la chombo. Mwenye mashua atakayefanya hivyo atashangaa jinsi akina mama watakavyokisubiri chombo chake na kukiacha cha jirani.

Tunawageukia wahusika wa serikali. Zanzibar ina Mamlaka ya Usafiri Baharini, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2009. Bara kuna TASAC, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2017. Kazi ya wakaguzi ni nzito na vyombo ni vingi. Hata hivyo twaomba jambo moja dogo. Mkaguzi akishaugonga mkuku na kuyahesabu makoti, aingie kijumbani, aketi pale wanapoketi akina mama, mlango ufungwe, na akae humo robo saa chombo kikiwa juani. Akitoka, aandike alichokiona: kuna matundu mangapi, jiko liko wapi, petroli iko wapi, sakafu inanyanyuka au haiinuki, paa ni la nguo au la mbao na ni nani aliyeruhusu. Paa la mbao lililoongezwa baada ya chombo kusajiliwa ni badiliko la chombo chenyewe, na halipasi kupita machoni pa mkaguzi kama pambo. Halmashauri za wilaya zenye visiwa, ambazo hukodi mashua kuwapeleka watumishi na dawa, zinaweza kuanza kwa kukataa kukodi chombo kisicho na kivuli na hewa. Mwenye chombo husikia haraka sana lugha ya kazi aliyoikosa.

Kwa upande wa misitu, nasi wa huku tuwe wakweli. Pori la Akiba la Rungwa si ghala la mbao. Humo hakatwi mti. Mninga halali hutoka katika misitu inayovunwa kwa leseni, na mti wenyewe hukua polepole, miaka mingi kupita umri wa aliyeupanda. Haifai uteketezwe kwa kujenga vibanda vya kupindua mashua. Mabenchi mawili na sakafu ya vipande ni mbao chache, na vikitunzwa vitaweza kuhamishwa kutoka chombo kilichochakaa mpaka chombo kipya.

Wakati unaofaa kwa kazi hii unajulikana na kila nahodha. Masika pepo hubadilika, vyombo vingi hupandishwa pwani, vikakwanguliwa, vikakalafatiwa na kupakwa deheni. Mafundi wa Nungwi na wa Jibondo wanakuwa navyo mikononi, sakafu zimekwisha kung'olewa. Ubao wa unene wa sentimita 2 na nusu huhitaji miezi kadhaa ya kukaushwa kivulini, ukiwa umepangwa kwa vijiti ili hewa ipite katikati. Basi anayetaka mninga kwa masika yajayo aagize mapema wakati wa kiangazi, ili mbao zipasuliwe, zikauke huku huku bara, na zipakiwe Itigi zikiwa nyepesi.